Kompyuta Ndani ya Kasha la Mninga

Marsela alikuwa darasa la sita. Kila siku akitoka shule alivua sare, akala, kisha akavuka barabara ya vumbi ya Kabungu kwenda kufagia maranda katika karakana ya baba yake. Karakana yenyewe ilikuwa banda la bati. Humo mzee Gelasius alitengeneza milango, vitanda na mizinga ya nyuki. Hewa ya mle ndani ilichanganya harufu ya mbao, vanishi na nta, na Marsela aliipenda kuliko harufu ya pilau.

Jumatano moja, Enoka alisimamisha pikipiki yake mlangoni. Enoka alikuwa fundi wa kompyuta kutoka Mpanda mjini, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga sanduku la bati lililobonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe.

"Shikamoo, mzee Gelasius."

"Marahaba. Hilo sanduku limepigwa na nani?"

"Limepigwa na barabara, mzee. Kamba ilikatika." Enoka aliliweka juu ya meza. "Ni kompyuta ya shule ya huyu binti yako. Watu huita hii sipiyu, lakini hili ni kasha tu. Vitu vya maana viko ndani, na vimepona vyote. Kasha ndilo limekufa."

"Si ukanunue jingine?"

"Nimeyaangalia." Enoka alitoa simu akawaonyesha picha za makasha mapya. Mbele kioo, ubavuni kioo, na ndani taa za kijani, nyekundu na buluu.

"Linapendeza!" alisema Marsela. "Kama ukumbi wa harusi."

"Linapendeza, sikatai. Haya niambie, hewa inaingilia wapi?"

Marsela aliitazama picha kwa makini. Hakuona tundu hata moja upande wa mbele.

"Umeona?" alisema Enoka. "Kompyuta ikifanya kazi inapata joto, na feni haiwezi kuvuta hewa kupitia kwenye kioo. Ni sawa na kumfungia mpishi jikoni. Tena hicho kioo kikifika Kabungu kitakuwa vipande vya kuokota. Sisi tunaounganisha kompyuta tunataka vitu vingine kabisa. Mbele nataka wavu, unaochomoka kwa mkono ili uoshwe, maana vumbi la huku ni la kuchota kwa koleo. Ubavu ufunguke bila bisibisi. Ndani pawe na nafasi mkono wangu wote uingie, nimechoka kuchubuka vidole. Nyaya zipite nyuma ya bodi, kile kibao kinachobeba vyombo vyote, zisizibe hewa. Na tundu la flashi liwe juu, mwalimu asiiname kama anatafuta kuku chini ya kitanda."

Mzee Gelasius alicheka. "Kijana, unataka mzinga wa kisasa. Ufunguke, upitishe hewa, mkono uingie."

"Basi nitengenezee mzinga usio na nyuki."

Wakakubaliana kasha liwe la mbao za mninga, na bati la ndani la kasha la zamani litumike kushikilia bodi.

Kesho yake mzee Gelasius alikuwa na safari ya Majimoto, kufunga milango ya duka. Kabla ya kuondoka aliegemeza mbao mbili mpya kwenye ukuta, akamkabidhi Marsela futi kamba na msumeno mdogo.

"Mama, hili kasha utalianza wewe. Kata mbao za pande zote. Nikirudi tutaziunga pamoja. Ukikata vizuri, kuanzia sasa nitakuachia kazi ya kukata. Lakini usikate kwa kukadiria. Macho yana kiburi."

"Sawa, baba."

Marsela alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu darasa la tatu. Alichukua vipimo vya kasha la zamani, akachora mistari, akakata. Jasho lilimtoka, lakini mbao zilikatika wima kabisa. Alipozisimamisha kuzunguka bati la ndani, moyo ulimshuka. Halikuingia. Alipima tena, akaelewa. Kasha la zamani lilikuwa la bati, jembamba kama karatasi. Ubao una unene, na yeye hakuuhesabu. Mbao zote zilikuwa fupi.

Alikaa chini kwenye maranda akatamani kulia. Baba angesema nini? Angemnyang'anya msumeno, bila shaka. Ndipo macho yake yakaangukia mzinga wa zamani uliokuwa nyuma ya banda. Nyuki walikuwa wameuhama, na baba alikuwa ameuweka pale akisubiri nafasi ya kuutengeneza. Nao ulikuwa wa mninga.

Aliubomoa. Zamu hii alihesabu unene, akakata sawasawa. Upande wa nje alipiga randa mpaka ukang'aa. Upande wa ndani ulikuwa na nta iliyoganda kama ukoko wa wali. Alikwangua kidogo, mkono ukachoka, akaacha.

"Ndani nani ataona?" alijisemea.

Zile mbao fupi alizifukia chini ya rundo la maranda.

Baba aliporudi alizikuta mbao zimepangwa juu ya meza, nje zikiwa tayari zimepakwa vanishi. Alizipitishia kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Zile mbao mbili zilitosha?"

"Zilitosha, baba."

"Mwanangu kweli wewe," alisema mzee Gelasius, akamshika kichwani. Siku nyingine mkono ule ungemfurahisha Marsela. Siku hiyo aliuona mzito.

Waliliunga kasha kwa siku mbili, na madoa ya nta ya ndani baba aliyadhania ni ya meza yake, iliyojaa nta siku zote. Enoka alipokuja kufunga vyombo vyake, aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko akacheka peke yake kama mtoto. Ubavu uliteleza kwenye mfereji wake ukafunguka kwa kidole kimoja. Wavu wa mbele ulichomoka na kurudi. Nyuma palikuwa na upenyo wa kupitisha nyaya, mpana wa vidole viwili. Harufu ya nta hakuna aliyeishangaa, maana karakana yote ilinukia hivyo siku zote.

Shuleni kasha lilipokelewa kama bibi harusi. Mwalimu Optatus, aliyetunza kompyuta, aliwafungulia wanafunzi ubavu ili waone ndani. Aliwaeleza feni hii inavuta, ile inasukuma. Kompyuta ambayo zamani ilizima yenyewe kila jua lilipokuwa kali, sasa ilifanya kazi tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho.

"Mwenzetu umekuwa injinia," alisema Anselmo, aliyekaa dawati moja na Marsela. "Ukienda Dar usitusahau."

"Niache," alijibu Marsela, akageukia daftari lake.

Kisha shule ikafungwa kwa likizo fupi ya wiki moja.

Jumatatu ya kufungua, Mwalimu Optatus aliingia ofisini akawasha kompyuta. Ilinguruma. Aliinamisha sikio asikie vizuri. Mara wanafunzi waliokuwa wakifagia uwanja walimwona mwalimu wao akitoka mbio, amejifunika rejesta kichwani, nyuki wakimfuata kama jamaa wanaomdai. Alizunguka mlingoti wa bendera mara mbili kabla ya kujifungia chooni.

Wanafunzi walicheka mpaka wakakaa chini. Marsela hakucheka.

Nyuki walipotulia, Mwalimu Optatus aliita mstarini darasa la sita, lililokuwa na zamu ya usafi wa ofisi. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba.

"Kasha linanuka asali," alisema. "Siku ya kufunga shule nani alifagia ofisi?"

"Mimi, mwalimu," alisema Anselmo.

"Si wewe ndiye uliyekamatwa na chupa ya asali darasani?"

"Ilikuwa mwaka jana, mwalimu! Na siku ile sikuwa na asali. Kasha sijaligusa hata kwa ufagio."

"Nyuki wa pori zima wakaacha miti yao, wakaja kwenye kompyuta bure tu? Nenda nyumbani, urudi na mzazi. Na kompyuta usiiguse muhula huu."

Anselmo alimgeukia Marsela. "Marsela, wewe ndiye uliyelitengeneza. Waambie, si mbao tu zile? Mbao zinanuka asali zenyewe?"

Marsela aliona kila mtu anamtazama. Akilini akamwona baba akiuchukua ule msumeno na kuutundika juu. Akainamisha kichwa.

Anselmo alichukua mfuko wake wa madaftari. Alitembea polepole kuelekea njia ya kwao, huku akijifuta uso kwa mkono wa shati. Kwao ilikuwa mbali, na baba yake hakuwa mtu wa kusikiliza maelezo. Marsela alimtazama mpaka akafika kwenye kona. Hapo miguu yake ikaanza kwenda yenyewe.

"Anselmo! Rudi!" Kisha akamkimbilia mwalimu. "Mwalimu, si yeye. Ni mbao."

"Mbao gani?"

"Mbao za kasha ni za mzinga wa zamani. Ndani zina nta, sikuikwangua ikaisha. Nilikata mbao mpya fupi, nikaogopa kumwambia baba. Nyuki wamefuata harufu."

Mwalimu Optatus aliushika mdomo wake. "Kwa hiyo mdomo huu nimeupata kwako?"

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

"Mwombe huyu kwanza," alisema, akimwonyesha Anselmo aliyekuwa amerudi.

"Nisamehe, Anselmo."

"Umeniacha mpaka nimefika kwenye kona," alisema Anselmo. Sauti yake bado ilikuwa na machozi. "Kwenye kona kabisa."

"Najua."

"Haya. Utanifagilia zamu yangu mwezi mzima. Na mimi nitakuwa wa kwanza kushika kompyuta, kabla yako."

"Hata miezi miwili," alisema Marsela.

Mwalimu Optatus naye alimwomba radhi Anselmo mbele ya darasa zima, kwa kumhukumu kabla ya kuchunguza. Kisha akatuma mtu kumwita mzee Gelasius.

Jua lilipoanza kupoa, mzee Gelasius alifika na mzinga mtupu, kisu na kopo la kufukizia moshi. Enoka naye alikuja, akasimama mbali kuliko watu wote. Marsela alimweleza baba yake kila kitu palepale, bila kuruka neno. Baba alivuta ubavu wa kasha taratibu, ukateleza bila kelele. Ndani masega meupe, machanga, yalikuwa yananing'inia juu ya bodi. Aliyakata moja moja akayahamishia kwenye mzinga, nyuki wakafuata.

"Lingekuwa kasha la skrubu kumi na mbili, ningekuwa bado nafungua ya tatu, na wamenimaliza," alisema.

Enoka alisafisha feni, akafuta nta, akajaribu vyombo vyake kimoja kimoja. Kompyuta ikawaka.

"Imepona! Lakini kasha hili siliachi hapa. Nataka jingine la mbao safi, na ule upenyo wa nyaya, walikopitia nyuki, uwekewe mpira wa kuubana. Kosa hilo ni langu, niliuagiza mpana mno." Akamtazama Marsela. "Binti, makasha ya Dar yana taa na vioo, ila hakuna lililofanyiwa majaribio ya nyuki."

Njiani kurudi nyumbani baba alitangulia mbele. Walipofika karakana Marsela alifukua zile mbao fupi akaziweka juu ya meza. Alichukua na msumeno, akauweka kando ya zile mbao.

Mzee Gelasius alipima ubao mmoja. "Ulisahau unene."

"Ndiyo, baba."

"Unakijua kigoda anachokalia mama yako akipika? Kilikuwa mlango wa padri. Niliukata mfupi hivi." Alionyesha kwa vidole. "Na wakati huo nilikuwa na ndevu tayari."

"Padri alisemaje?"

"Alisema, 'Gelasius, tengeneza mwingine.' Nikatengeneza. Basi." Aliurudisha msumeno mikononi mwa binti yake. "Mbao hizi mbili hazikunikasirisha, mama. Kilichonikasirisha ni kwamba niliuliza, ukanijibu zimetosha. Kwa ajili ya neno hilo moja mwalimu amevimba, kompyuta imekaribia kufa, na mtoto wa watu ametembea akilia kwa kosa lisilo lake."

Marsela alifuta macho. Baba alileta mbao mbili mpya, akaziweka mbele yake, kisha akatoka kwenda kunywa chai. Hakugeuka kutazama nyuma.

Marsela alipima bati, akaongeza unene wa ubao pande zote, akapima tena. Akakata. Ubao wa kwanza ulitoka vizuri, wa pili pia. Wa tatu msumeno ulipinda kidogo mwishoni. Aliutazama ubao, kisha akatazama mlangoni.

"Baba!" aliita. "Nimekosea!"

Mzee Gelasius aliingia na kikombe mkononi. "Kiasi gani?"

"Unene wa ukucha."

Baba aliinama, akalifumba jicho moja, akapitisha kidole kwenye mkato. Alitabasamu.

"Hilo ni la kupiga randa tu, linakwisha. Umeona, mwanangu? Kosa likisemwa siku hiyohiyo huwa halijapata muda wa kukua. Chukua randa."