Kinyaa na Bisibisi

Mende wa kwanza alitoka taratibu, akasimama juu ya kasha la kompyuta akichezesha vipapasio kama mwenye nyumba aliyesikia hodi. Wa pili na wa tatu hawakungoja. Fundi alipolivuta bamba la ubavuni likaachia, ukoo mzima ukamwagika mezani: wakubwa wenye mbawa, wadogo weupe kama punje za wali, na mayai yaliyogandana kwenye feni pamoja na nywele na vumbi jeusi lililolowa mafuta. Wateja waliobanana kwenye kaunta wakaruka nyuma. Mmoja akamkanyaga mwenzake, mwingine akatema mate chini, na macho yote yakamgeukia mwenye mzigo.

Mwenye mzigo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa gauni jeupe la kitani lililopigwa pasi likanyooka, na skafu ya zambarau ambayo alikuwa ameivuta hadi puani tangu alipoingia katika jengo lile la vifaa vya umeme. Kila kitu humo kilimchefua: jasho la watu, harufu ya waya ulioungua, vikombe vyenye chai iliyokauka juu ya televisheni mbovu. Sasa ilikuwa zamu yake kuwachefua wenzake.

"Si wangu hao!" alisema.

"Ni wa nani, bibie?" aliuliza fundi. "Wamekuja na wewe. Tena bila kulipa nauli."

Kaunta nzima ikaangua kicheko.

"Kompyuta niliinunua kwa mtu. Nyumbani kwangu hakuna mende. Kwangu unaweza kulamba sakafu!"

"Ukinikaribisha nitakuja kulamba."

"Mwone! Mchafu mkubwa wewe." Lakini alijikuta anacheka chini ya skafu, na alichukia kujikuta hivyo.

Fundi alikuwa mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono mpaka kwenye viwiko, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio. Kwa ajili hiyo watu wote wa jengo lile walimwita Bisibisi. Alichungulia ndani ya kasha, akatikisa kichwa.

"Hii imekwisha. Mkojo wa mende umekula mazabodi, lile bamba kuu la ndani."

"Tafadhali, sijala bado."

"Na ukisikia kilichoko kwenye feni, hutakula leo. Unaifanyia kazi gani?"

"Nahariri video za arusi."

"Basi usinunue nyingine iliyokwisha kuundwa. Tuunde yako. Unachagua kila kifaa, unajua kilichoko ndani."

"Sitaki. Mimi nataka mpya, iko ndani ya boksi, imevikwa nailoni, haijaguswa na mkono wa mtu."

"Kwani kiwandani zinaundwa na malaika?"

"Angalau kucha za malaika sizioni."

Bisibisi akatazama kucha zake, akaficha mikono nyuma ya mgongo. Kisha akaomba namba ya simu. Alidai kwamba akimkuta mende mwingine itabidi amjulishe mwenyewe.

Simu zao zilianza kwa kompyuta na kuishia kwingine.

"Umefikia wapi, Kinyaa wangu? Tunaunda au tunanunua?"

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje, na jana umefuta kijiko cha mgahawa mpaka mhudumu akanuna?"

"Kilikuwa na alama ya midomo ya mtu!"

"Na ya kwangu je, midomo?"

"Hiyo itabidi ikaguliwe kwanza."

Jina likamganda. Na kwa kweli lilimstahili. Alikuwa amewahi kumwacha mwanamume kwa sababu ya mlio wake wa kutafuna, na mwingine kwa sababu ya kitana kilichojaa mba. Dada yake mkubwa, muuza vipodozi mwenye ulimi usio na breki, alishamwambia kwamba ataolewa na chupa ya spiriti. Na sasa moyo wake ulikuwa umekwenda kumwangukia mtu ambaye kazi yake, mchana kutwa, ni kutia mikono kwenye uchafu wa watu. Alimpenda. Aliogopa kwamba siku yoyote kinyaa chake kingemfukuza huyu pia, na huyu hakutaka aende. Hilo ndilo lililomnyima raha, wala si kompyuta.

Akakata shauri: waunde. Ila kwa masharti yake. Kazi ifanyike kwake, juu ya shuka jeupe, kila kifaa kifunguliwe mbele ya macho yake, na fundi aoshe mikono mpaka viwikoni.

"Nimekuja kuunda kompyuta au kumpasua mgonjwa?" Bisibisi aliuliza, akisugua vidole kwa brashi kwenye sinki.

"Sugua na hapo katikati."

Ilikuwa Jumapili. Alikuja amevaa shati jipya na ananukia sabuni. Kifaa baada ya kifaa kilitoka kwenye mfuko wake kikimetameta, na Kinyaa akajikuta anavutiwa na vile vidole virefu vilivyokuwa vinakaza skrubu bila papara. Walipofika mwisho, pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme na kuugawa, ilikataa kuwaka. Bisibisi akasema anakimbia kuibadilisha. Alirudi anahema, ameshika boksi kwapani, akaipachika haraka huku amempa mwenzake kisogo. Kompyuta ikawaka. Kinyaa akapiga vigelegele. Bisibisi akambusu, akamuaga, akatoka.

Kinyaa alichukua kitambaa na chupa ya spiriti, akaanza kufuta kiti alichokuwa amekalia fundi. Mlango ukafunguliwa. Bisibisi alikuwa amesahau simu yake. Alikitazama kile kitambaa, akaichukua simu mezani, akasema "haya," akaenda. Kinyaa alishangaa tu kwamba hakutania.

Siku ya pili yake akashona koti la kompyuta. Alitumia nailoni nzito, akatia mpira chini ili likabe vizuri. Hata chawa asingepata pa kupenya. Akakaa kazini, amefurahi kuliko bibi arusi aliyekuwa kwenye skrini.

Haikuchukua muda, kompyuta ikaanza kujizima. Anahariri, bibi arusi anakata keki, mara giza. Anaiwasha, inakwenda kidogo, inazima tena. Mama wa bibi arusi naye hakuwa na subira: "Mwanangu, filamu yetu iko wapi? Au umetuuza?"

Bisibisi siku hizo alikuwa mfupi kwenye simu. Aliyekuwa mrefu ni dada mtu.

"Umepigwa changa la macho," dada alisema, akishika kiuno. "Huyo shemeji yangu wa vidole virefu kakutilia vya mtumba. Fungua tuone."

Wakavua koti, wakang'oa bamba. Kwenye kona ya chini ilikaa pawasaplai iliyokwaruzwa, vichwa vya skrubu zake vimelika. Dada akamulika kwa simu. Katikati ya mapanga ya feni kulikuwa na vumbi la kijivu lililoshikamana, na ndani ya vumbi lile, unywele mfupi uliojikunja.

"Unywele!" alisema dada. "Wa mtu!"

Kinyaa alifika kwenye sinki kwa bahati tu. Alitapika mpaka machozi yakamtoka, akasukutua, akapiga simu.

"Bisibisi, hii pawasaplai umeitoa wapi?"

"Ni nzima hiyo."

"Nimekuuliza imetoka wapi."

"Ilitumika kidogo. Lakini nisikilize, mpenzi—"

"Usiniite mpenzi! Ina unywele wa mtu! Umeniletea uchafu ndani ya nyumba, ukanibusu, ukanichekea!"

"Uchafu," alisema Bisibisi, polepole. "Sawa. Basi na kile kiti kichome moto, kisije kikakuambukiza."

Akakata. Kinyaa akabaki ameshika simu. Alikumbuka mlango ulivyofunguliwa, na kitambaa kilivyokuwa mkononi mwake. Lakini hasira ilikuwa bado inamchemka, na ladha ya matapishi ilikuwa bado mdomoni.

Basi akanunua. Alikwenda duka la vioo lenye ubaridi na mwanga mweupe, akahudumiwa na kijana mwenye tai na manukato ya kuumiza kichwa. Kijana alimchekea kwa meno yote. Kompyuta ilikuwa ndani ya boksi, imevikwa nailoni iliyoibana kama soksi. Kinyaa aliipakata hadi nyumbani kama mtoto mchanga.

Ilifanya kazi vizuri mpaka ilipopata joto. Hapo chumba kikaanza kunuka sigara. Alifungua dirisha, akanusa nje: hewa safi. Akanusa mapazia, akanusa mikono yake, mwisho akasogeza pua kwenye matundu ya kompyuta. Moshi wa sigara za miaka, na chini yake harufu kali ya mkojo wa panya. Kasha lilikuwa jipya. Utumbo ulikuwa wa kale.

"Dada, ukishakata nailoni ni yako," alisema yule kijana dukani, bado anacheka.

"Inanuka panya!"

"Labda ni huko nyumbani."

Kinyaa alifungua mdomo amjibu, lakini macho yake yalikuwa yamepita bega la kijana, yakaingia stoo kwa mlango ulioachwa wazi. Mwanamume mnene alikuwa ameketi katikati ya kompyuta kuukuu, anazivalisha nailoni mpya moja moja na kuibana kwa mashine ya kukaushia nywele. Kila nailoni ilipogoma kufunguka, alilamba kidole, akaipangusa ukingo, akaifungua. Alilamba tena. Akavalisha nyingine. Mate ya mtu yule ndiyo yaliyokuwa kwenye ile nailoni ambayo Kinyaa aliikata kwa heshima zote sebuleni kwake. Ndicho kitu alichokuwa anakiita safi.

Alitoka nje, akaegemea ukuta, akapiga simu.

"Nataka uje."

"Nije kama fundi, au kama nani?" Sauti ya Bisibisi ilikuwa kavu.

"Wewe njoo kwanza."

Alikuja na nguo za kazini, akasimama katikati ya chumba.

"Kaa," alisema Kinyaa.

"Nitasimama. Sitaki kukupa kazi ya kufuta."

Maneno yale yalimchoma. Kabla hajajibu, Bisibisi alikuwa ameiona kompyuta aliyoiunda mwenyewe, kwenye kona, imevikwa koti lake la nailoni, mpira umekaba chini.

"Hii nini?"

"Koti lake. Nililishona mwenyewe, mende wasiingie."

"Na huwa inawaka ikiwa hivi hivi?"

"Siku zote."

Bisibisi alimtazama, akaitazama kompyuta, akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, mpaka akaangukia kwenye kiti bila kujijua. "Umeiziba pua na mdomo, halafu unashangaa inazimia! Inajizima ili isiungue, Kinyaa!"

Alilivua koti, akaiwasha, akaitia kazi nzito. Ikafanya kazi, ikaendelea kufanya, feni inavuma taratibu. Kinyaa alisikia uso umemwaka moto.

"Haya. Koti ni kosa langu," alisema. "Na pawasaplai je?"

Kicheko kikaisha. "Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa. Na wewe ulikuwa umeahidi kazi ya watu. Nikaitoa kwenye kompyuta yangu. Mpaka leo yangu haiwaki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeikubali?"

"Nisingeikubali."

"Unaona?"

"Lakini ningejua niko na mtu wa namna gani! Unywele unafutika, Bisibisi. Kuchekewa huku nafichwa mambo, hiyo ndiyo inayonitapisha. Yule wa dukani naye alinichekea vivyo hivyo."

"Usinilinganishe na yule."

"Basi usifanane naye."

Bisibisi aliinamisha kichwa. "Nimekosa," alisema. "Ila na wewe. Nimekubusu, nimegeuka tu, unanifuta."

"Nilifuta kiti."

"Nilichokalia mimi."

"Mama yangu mzazi akiinuka, nafuta! Mimi mwenyewe nikiinuka, nafuta! Kwa nini hukuuliza? Na mdomo wangu, niliufuta?"

Alifikiri. "Hapana."

"Basi."

Kompyuta ilikuwa inavuma. Kinyaa alivuta pumzi akapiga moyo konde.

"Mimi siponi, nakwambia mapema," alisema. "Ukinioa, utakuwa unavua viatu nje na kusugua katikati ya vidole. Nitakunja uso mezani, nitakunja uso kitandani, nitakuaibisha mbele ya ndugu zako."

"Nani amesema nakuoa?"

"Nimesema mimi. Unakataa?"

Bisibisi hakucheka. "Sikatai. Lakini naogopa. Uso wako ukikunjamana hivyo, mimi naona umenichukia mimi. Ndiyo maana nakuficha mambo."

"Usinifiche. Niulize."

Kinyaa akamshika mkono. Ulikuwa ndio kwanza umetoka kazini: mafuta meusi yameingia kwenye mistari ya kiganja, chini ya kucha kuna kitu cha kahawia ambacho hakutaka kukijua. Uso ukamkunjamana wenyewe.

"Na sasa?" aliuliza Bisibisi, kwa sauti ya chini.

"Sasa naona kinyaa," alisema, wala hakuuachia ule mkono.