Nani Yumo Ndani ya Mashine ya Tano

Jumatano, saa mbili na robo asubuhi, mtafiti wa mito ambaye wenzake walimwita Mama Mafuriko alifungua Lango akakuta kazi yake ya siku sitini na moja haipo.

Lango lilikuwa tovuti ya taasisi. Mwanasayansi aliingiza takwimu zake, akabonyeza kitufe cha "Tuma", na Lango likaigawa hesabu kwa kompyuta kubwa za vituo saba vilivyo mbali, kisha likamkusanyia majibu. Hakuhitaji kujua mashine ipi inafanya nini. Asubuhi hiyo alama ya kijani ilisema kazi imekamilika, lakini folda ya majibu ilikuwa tupu kama gunia lililokung'utwa.

Alibonyeza kitufe cha "Ripoti tatizo", akaandika mistari miwili, kisha akashuka ghorofa mbili hadi kwa Mkaguzi wa usalama wa data.

"Ijumaa saa sita mchana kamati inakaa," alisema, bado amesimama. "Wanataka kujua bwawa likizidiwa, maji yatafika nyumba zipi. Nikienda mikono mitupu, kikao kinasogezwa mpaka baada ya mvua. Na kule bondeni kuna watu, dada. Wanalala huko na watoto wao."

"Huwezi kurudia hesabu?"

"Siku sitini na moja, nimekwambia."

Mkaguzi alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mwenye ofisi isiyo na dirisha na tabia ya kuandika saa ya kila jambo. Mgeni alipotoka, aliinamisha kichwa akaomba kwa ufupi, kama alivyoomba kabla ya kila kazi: asimwonee mtu, wala asidanganywe. Kisha akainua simu.

Saa nne kamili, msimamizi wa kituo cha tano, yalikohifadhiwa majibu, alimsomea kumbukumbu. Mashine ile ilihifadhi majina ya amri peke yake. Zilielekezwa kwenye nini, haikuandika. Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mtu aliingia kwa ufunguo wa Lango, yaani msimbo wake wa siri, na kuandika amri tatu kwa mkono. Ya kwanza iliuliza nani yumo ndani ya mashine. Ya pili ilikuwa ya kukata mafaili vipande. Ya tatu ilihamisha. Akatoka.

"Kuhamisha? Hakufuta?"

"Kuhamisha, mama. Mzigo wenu umo humu humu. Ila vipande vimebadilishwa majina, na humu kuna mafaili milioni mia tatu. Nikianza kupekua leo, tutaongea mwezi ujao."

"Nani aliingia?"

"Hapo sasa. Kwetu sisi, watu wenu wote elfu mbili ni mtu mmoja. Kila mmoja anaingia kwa jina la Lango. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ufunguo wenyewe ni toleo la kwanza. Umri wake miaka tisa."

Mkaguzi aliandika yote, na hakumwonyesha mtu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mtafiti mwingine, Daktari wa Udongo. Wiki mbili kabla, kwenye ubao wa matangazo wa Lango, alikuwa ameandika: "Kazi ya huyu mama imeziba foleni. Mkishindwa kuiondoa, nitaiondoa mwenyewe."

"Hasira tu hizo, dada," alisema, akipangusa miwani. "Udongo wangu umesubiri siku kumi na nane. Hata mtakatifu angetukana."

"Jumanne saa kumi na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Peke yangu. Na mlango nilifunga, naona unaandika hilo."

Mkaguzi alimgeuzia kompyuta yake yenye skrini nyeusi, ile ya kuandikia amri kwa mkono. "Hebu ingia kituo cha tano."

Daktari aliitazama skrini. Akaivuta karibu. Akasogeza kipanya juu, chini, pembeni. "Kitufe kiko wapi?"

"Hakuna kitufe."

"Basi unanionea. Mimi hata kengele ya simu ananitegea mke wangu."

Mkaguzi alimwacha aende. Mtu anaweza kuigiza ujinga, lakini aibu iliyompanda hadi masikioni haikuwa ya kuigiza.

Saa nane mchana aliingia Fundi wa Lango, mwanamke mwenye shavu lililovimba. Yeye ndiye pekee aliyeruhusiwa kushika funguo, na kwa hiyo Mkurugenzi wa taasisi alikwisha kumwambia akusanye vitu vyake mapema.

"Jumanne kuanzia saa tisa nilikuwa kwa daktari wa meno," alisema. "Saa kumi na dakika ishirini nilikuwa nimeachama kama kiboko, mikono yote miwili imekamata kiti. Muulize. Nilimng'ata."

Mkaguzi aliuliza kwa simu. Ni kweli alimng'ata.

"Ufunguo wa toleo la kwanza uko kwa nani?"

"La kwanza? Hilo lilikuwepo kabla sijaajiriwa. Nilidhani lilishafutwa."

"Na amri hii ya kwanza, ya kuuliza nani yumo ndani. Ni ya kazi gani?"

Fundi alikunja uso. "Sijawahi kuitumia. Lango halimuulizi mtu, linaingia tu. Labda mwizi alitaka kujua kama kuna anayemwona."

Mkaguzi naye alifikiri hivyo. Aliandika "mashahidi" na kulipigia neno hilo mstari.

Alhamisi ilimpotezea saa sita nzima katika orodha za wafanyakazi walioacha kazi. Saa tisa alasiri alishuka chini kabisa, kwenye chumba cha mashine za zamani, kumwona mzee waliyemwita Babu Seva. Mashine zenyewe zilikuwa zimezimwa miaka mingi. Alibakizwa azilinde mpaka astaafu. Mzee alisimama upesi, akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

"Karibu, mwanangu, karibu! Kaa. Chai?"

"Babu, nataka kujua habari za mwanzo wa Lango."

"Umefika penyewe. Mimi ndiye niliyezifungua njia zote saba, kituo kimoja kimoja. Kabla ya hapo walikuja hapa, hao wanaojiita madaktari. Walipanga foleni mpaka kwenye ngazi. Nikamfundisha huyu, nikamtania yule. Mmoja alinipa mwanawe nimchagulie jina." Alicheka peke yake. "Sasa kuna kitufe."

"Zamani mlikuwa mnaingiaje kwenye mashine?"

"Kwa adabu! Unaanza kwa kuuliza nani yumo. Kama kuna mwenzio anafanya kazi nzito, unamsubiri, usije ukampunguzia nguvu. Ni kama kupiga hodi. Hawa wa leo wanajiingilia kama mbuzi." Alimimina chai, kisha akauliza bila kumtazama, "Yule mama wa mito, hajafikiria kunipigia simu? Mwambie apige tu. Huenda nikamsaidia."

Mkaguzi alimaliza chai yake. Alipokuwa kwenye ngazi ya tisa, miguu ikasimama yenyewe. Kumbe amri ile ya kwanza haikuwa ya mwizi anayeogopa kuonwa.

Hata hivyo alikwenda kwanza kwa mpokea simu.

"Chumba cha chini kimepokea simu ngapi mwaka huu?"

Binti alihesabu. "Nne. Tatu zilikosea nambari."

"Na jana?"

"Hakuna. Ila Babu mwenyewe alinipigia mara tano, akiuliza kama laini yake ni nzima. Nikamwambia ni nzima, Babu, hakuna anayekutafuta." Akajiziba mdomo. "Nilikuwa natania."

Mkaguzi aliporudi chini, mzee alikuwa ameshaondoka, na simu ya mkononi hakuwa nayo. Usiku huo alipiga magoti muda mrefu kuliko kawaida. Sala yake ya kutomwonea mtu aliiona nzito safari hii, kwa sababu alikuwa na hakika.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, aliingia chumba cha chini pamoja na Fundi na Mama Mafuriko. Uso wa mzee ulichangamka alipomwona huyo wa mwisho, kisha alipowaona wale wengine ukazimika.

"Babu," alisema Mkaguzi, "aliyeingia kituo cha tano Jumanne alibisha hodi kwanza. Katika jengo hili hakuna mwingine afanyaye hivyo. Aliingia kwa ufunguo wa miaka tisa, wa siku ulipofungua zile njia. Nao haukufutwa. Majibu yako wapi?"

Mzee aliketi taratibu. "Yapo. Yako kwenye sehemu ya akiba, vipande arobaini. Hakuna hata tarakimu moja iliyopotea, wallahi. Nisingethubutu."

"Kwa nini?" Mama Mafuriko alipaza sauti. "Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea. Nilijua utakuja. Likimtokea jambo kubwa, nikasema, Lango litamshinda, atakumbuka kuna mtu huku chini. Tungekaa siku moja, mbili, nikutafutie kipande kwa kipande. Uniambie habari za mito. Nilingoja simu Jumatano nzima. Wewe ukabonyeza kitufe."

"Jana nilikaa hapa, Babu," alisema Mkaguzi. "Ulinyamaza."

"Niliona haya, mwanangu. Siku ya kwanza ingekuwa mzaha. Ya pili ilikuwa tayari ni wizi."

"Kuna watu bondeni," alisema Mama Mafuriko. "Ulijua?"

"Sikujua. Nani wa kuniambia?"

Hapakuwa na wakati wa kugombana. Utaratibu wa vipande mzee alikuwa nao kichwani, na ni Mama Mafuriko peke yake aliyeweza kutambua kama tarakimu zimeungana sawasawa. Ikabidi wakae wawili mbele ya skrini moja, bega kwa bega. Mzee alipotaka kueleza jambo la zamani, mama alimkata: "Cha tisa." Akajaribu tena. "Cha kumi na saba." Hakujaribu mara ya tatu.

Saa tano na dakika arobaini kipande cha mwisho kiliingia mahali pake. Mama Mafuriko alichomoa diski, akasimama mlangoni.

"Babu, nitakuombea. Sisemi kwa mdomo tu. Lakini kukaa humu na wewe tena, hapana."

Akapanda ngazi akikimbia. Kamati ilikaa saa sita, na saa nane ikatoa amri ya kuwahamisha watu wa bondeni kabla ya mvua. Fundi alirudi kwenye meza yake. Mkaguzi aliichukua diski yenye ule ufunguo wa miaka tisa, akaitia ndani ya bahasha na kuifunga bahasha.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza mzee.

"Andika maelezo yako. Yote, tangu mwanzo."

"Atayasoma nani?"

"Mimi."

Mzee alivuta karatasi. Aliandika pole pole, kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani, kurasa mbili, nne, saba. Mkaguzi alikuwa na kikao saa tisa. Aliinua simu akakiahirisha. Saa kumi mzee aliomba karatasi zaidi, naye akampa.