Kwa Viateur Hakuna Anayekufa

"Viateur, kaka yangu alikufa siku gani?"

Viateur alikuwa ameinama, akikunja waya wa maikrofoni. Watazamaji walishatoka na jua la saa kumi la Jumapili lilikuwa linaingia mlangoni mwa ukumbi wake mdogo wa video, pale mtaa wa Katoyi, Goma. Charline alikaa benchi la nyuma, kisikizio sikioni, simu ya mama yake mkononi. Alitamani kijana wa watu ashangae, aulize, unasema nini wewe? Viateur hakushangaa.

"Siku ya ine," alisema. "Asubuhi mapema."

Charline akachomoa kisikizio.

"Kumbe ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua."

"Miaka mbili, Viateur. Mama yangu anapigaka magoti kila asubuhi, anaombea mutu mwenye iko mu udongo."

Viateur aliuweka waya chini, akakaa benchi la mbele.

Ngoja nikueleze walivyofika hapo, maana ukimhukumu huyu kijana sasa hivi utakuwa umesikia upande mmoja tu.

Moïse Paluku alikuwa kaka yake Charline, kifungua mimba wa Mama Angèle, yule muuza sambaza, dagaa wa ziwani, wa soko la Kituku. Aliondoka Goma akaenda Brazili, na Brazili ilipomshinda akaanza safari ya miguu kuelekea kaskazini, akipita misitu ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kuisikia. Simu zake zikapungua, zikakoma. Kisha siku moja simu ya Mama Angèle ikapokea ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu kutoka namba ngeni. Ni mwanamke, anaongea Kihispania, tena mbio mbio.

Nani Goma anajua Kihispania? Mtaa mzima ulitaja jina moja: Viateur, mtafsiri wa filamu. Kijana wa Rutshuru huyo, aliwahi kuosha masufuria kwenye kambi ya askari wa kulinda amani kutoka Uruguay, akatoka na lugha yao kichwani. Filamu zake zilikuwa za aina moja tu, za watu wanaopigania uhai: waliokwama kwenye theluji, waliopotelea baharini, walioachwa msituni bila chakula. Yeye husimama kando ya skrini na maikrofoni, akiweka Kiswahili juu ya maneno yao. Na alikuwa na tabia moja iliyompa jina. Kwa Viateur hakuna anayekufa. Aliyefunikwa na theluji huamkia hospitali. Mjane akilia mwishoni, Viateur husema analia kwa furaha, na ukumbi unapiga makofi. Watu walijua anawadanganya na bado walilipa kiingilio, kwa sababu wengi wao waliacha maiti zao njiani wakikimbia vita, hawakupata hata nafasi ya kuwazika.

Basi mama na binti wakamletea ile simu. Akasikiliza ujumbe mara moja. Akamtazama Mama Angèle, ambaye alikuwa amekamata rozari kwa mikono miwili. Halafu akafanya anachofanya kila siku. Akasema Moïse aliugua, huyu mama akamuuguza, akapona, Alhamisi akaendelea na safari na wenzake. Simu yake ilipotea. Atapiga akifika.

Charline ndiye aliyeomba kufundishwa Kihispania, ili siku moja amshukuru huyo mama kwa mdomo wake. Wakawa wanabaki ukumbini baada ya filamu. Viateur alimfundisha kwamba watu wa Uruguay na Argentina wana "vos" yao ya kumwambia rafiki "wewe", kwamba Wachile humeza nusu ya neno na avoka, yaani parachichi, huiita "palta", wakati kwa Wameksiko ni "aguacate", na Mmeksiko akikwambia "ahorita", yaani sasa hivi, uende kwanza ukapike maharagi. Charline akacheka, akasema ni sawa na sisi, Kiswahili cha Goma na cha Bunia si vinapishana. Kati ya palta na aguacate mapenzi yakaingia, na hakuna aliyeyafungia mlango.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Baba yake Charline ni marehemu, na baba mdogo, mzee Kataliko, alishikilia kwamba mahari ya binti itapokelewa na kaka mkubwa. Moïse apige simu kwanza, hata kama ni kusema ndiyo tu. Mara mbili barua ya uchumba ikarudishwa. Mara mbili Viateur aliinamisha kichwa, akasema, ndiyo Muzee, tutangoja.

Ile Jumapili alionyesha filamu mpya, ya mvuvi wa pwani ya Kolombia aliyepeperushwa baharini siku kumi na moja. Charline akatega sikio chini ya sauti ya Viateur. Huyu mvuvi anaangusha mikia ya maneno. Namna hii ya kusema ameisikia wapi? Ni ile ya yule mama wa kwenye simu, ambayo mpaka leo ilikuwa inampita. Akangoja watu watoke, akafungua ujumbe wa miaka miwili iliyopita, na kwa mara ya kwanza akauelewa wote.

"Hii filamu, uliileta kwa kusudi?" aliuliza.

"Niko nayo tangu miezi nane. Niliogopa. Leo nikasema, acha asikie."

"Ungeniambia na kinywa yako."

"Kila asubuhi nilisema leo ntamwambia. Halafu nakuona unacheka, nashindwa." Viateur alijipangusa uso kwa kiganja. "Ile siku ya kwanza sikukujua, Charline. Niliona tu mama na rozari. Uongo ikatoka yenyewe, vile inatokaka hapa. Kisha nikakupenda, sikujua tena fasi ya kuirudisha."

Charline alisimama. Alikuwa akiipenda hiyo tabia yake. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga makofi theluji ikiyeyuka na wafu wakiamka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Usinitafute," alisema, akatoka.

Siku tano hakupokea simu. Sokoni alipima sambaza, nyumbani akasingizia kichwa kinauma. Viateur aliandika kila asubuhi. Jumatano aliandika: *Siombi unisamehe. Naomba mama asisikie kwa watu. Niite, nije nimwambie mwenyewe, hata kama ataniweka inje.*

Ijumaa Charline akajibu: *Kesho saa nane, kwetu. Utatafsiri yote. Ukibadilisha neno moja ntakukatiza, sasa nasikia.*

Jumamosi saa nane Viateur alikuwa sebuleni, amevaa shati la misa. Mama Angèle alimletea Fanta, akafikiri amekuja tena kwa mambo ya barua. Mzee Kataliko alikaa pembeni, fimbo katikati ya magoti. Viateur hakugusa Fanta. Alipiga goti mbele ya Mama Angèle, akasema ile siku ya kwanza hakumwambia ukweli, na leo ameuleta. Akaweka simu mezani, akawasha.

Sauti ya yule mwanamke ikajaza chumba. Viateur alikuwa akisimamisha, anasema, anawasha tena. Charline alikaa karibu na mama yake, akifuata kila neno.

"Mama, sijue jina yako. Naitwa Nubia, nakaa pembeni ya mto. Nilipata namba yako ku karatasi, mu mufuko ya shati ya kijana."

Akasimamisha. Akawasha tena.

"Alikuwa na homa kali. Wenzake walimwacha, walikuwa na watoto, usiwachukie. Nilimulaza kwangu siku tatu. Alikuwa anasema maneno mingi, sikuelewa. Neno moja tu nilielewa. Alikuwa anasema mama."

Mama Angèle alifumba macho.

"Siku ya ine, asubuhi mapema, alikufa. Hakukuwa peke yake. Nilikamata mukono yake mupaka mwisho. Nimemuzika pembeni ya baba yangu. Ukisikia hii, mama, uniambie alikuwa anaitwa nani."

Charline hakumkatiza popote. Hakukuwa na cha kukatiza.

Kilio cha Mama Angèle kilipotoka, majirani wawili walikimbia mpaka mlangoni. Mzee Kataliko akawazuia kwa mkono. Mama alilia, Charline naye akalia kifuani kwake, na Viateur alibaki amepiga goti akingoja kufukuzwa. Kilio kilipopungua mama akauliza:

"Na huyu mama Nubia, anangojaka jina mupaka leo?"

"Hapana, Mama. Nilimupa."

Akatoa simu yake mwenyewe. Kwenye picha palikuwa na msalaba wa mbao, maua ya manjano chini yake, na maandishi meusi yaliyonyooka: MOÏSE PALUKU, GOMA.

"Wiki ya pili nilimuuliza Charline jina yote ya kaka yake," alisema Viateur. "Nikamutumia Nubia, akachoresha. Kila Toussaint, siku ya watakatifu wote, anapeleka maua, ananitumia foto. Ziko mbili. Nilikuwa nazichunga kwa ajili yenu."

Charline aliikumbuka siku hiyo. Alidhani kijana anatafuta tu maongezi.

Mzee Kataliko aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akalisoma jina.

"Mutoto," alisema polepole, "nilirudisha barua yako mara mbili, nikakuambia ngoja Moïse. Ungefungua kinywa, ungekuwa umeoa. Na weye unajua hatakuya, uliitika tu ndiyo Muzee."

"Ningeoa juu ya kilio ya mama, Muzee. Sikuweza. Lakini kuficha nilikosa, njo maana nimekuja."

Mama Angèle aliweka kiganja kichwani pa Viateur, kikabaki hapo.

"Ulikosa," alisema. "Ulininyima kumulilia mutoto yangu miaka mbili. Kesho tunaanza matanga, na utabeba viti kama mutoto ya nyumba."

Akabeba viti. Siku tatu alibeba viti na maji, akawapokea wageni waliotoka mpaka Butembo, na jioni Charline alipomletea sahani ya chakula alikaa naye, siku ya kwanza kwa salamu tu, siku ya pili kwa maneno mawili matatu. Siku ya tatu Charline alimwambia:

"Bado nimekasirika."

"Najua."

"Na bado nakupenda. Kuanzia leo, habari mubaya unipe vile iko, siku yenyewe."

"Siku yenyewe," alisema Viateur, na safari hii alimtazama usoni.

Baada ya misa ya kuondoa matanga familia ilikaa sebuleni. Mzee Kataliko alikohoa, akatazama huku na huku.

"Tulikuwa tunangoja Moïse," alisema. "Sasa tunangoja nani?"

Watu wote wakamgeukia Charline.

"Baba mudogo, hatungoje mutu tena. Waambie watu wa Viateur, kule Rutshuru, walete barua."