Aliiba Programu Yangu, Nikamwambia Aandike Jina Lake

"Programu hii nimeiandika mwenyewe, kwa mikono yangu!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Aliyekuwa anajitapa mbele ya wakulima wa viungo wa Kinole ni Stambuli. Mchumba wangu! Na programu iliyokuwa inaonekana ukutani kwa projekta... ni yangu mimi, Zuhura!

Jamani, ngojeni niwaelezee.

Kikundi chao kilikuwa kinatafuta mtu wa kukaa ofisini, apokee mdalasini na pilipili manga za wanachama kwa kompyuta. Mwenye programu nzuri ndiye anapewa kazi. Kazi hiyo niliitaka kufa na kupona.

Nikajifungia chumbani kwangu mtaani Mafiga, nikapakua BASIC ya kisasa, lugha ya kuandikia programu, kwa bando la simu. Kuiinstoli mara ya kwanza ikagoma, nikarudia, ikakubali. Mstari wangu wa kwanza ukasema "Shikamoo dunia", nikacheka peke yangu kama chizi.

Sasa sikieni. Ukishaandika, kompaila inayageuza maandishi yako kuwa faili la kubofya tu. Mtu yeyote analitumia, lakini kubadilisha kitu ndani mpaka awe na yale maandishi yenyewe.

Stambuli akaomba "aione tu" kwa flashi. Akaondoka na lile faili. Baada ya hapo simu zangu hapokei! Na siku zote alikuwa ananiambia eti mama yake hanitaki.

Asubuhi hiyo namba nisiyoijua ikanitumia meseji: "Njoo Kinole sasa hivi. Unaibiwa."

Nikapanda bodaboda na kilaptop changu mgongoni.

Stambuli aliponiona mlangoni akameza mate. Halafu akatabasamu!

Wallahi nilitaka kumrukia. Ila nikakumbuka kitu nilichokificha ndani ya lile faili, nikapoa ghafla.

"Shikamoo mwenyekiti," nikamsalimu Mzee Sufiani.

"Marahaba mwanangu. Una neno?"

"Kama mwenzetu ndiye mwandishi, si ajisajili yeye wa kwanza? Kwa heshima."

"Kweli kabisa!" ukumbi ukaitikia.

Programu inauliza jina, kisha ukoo wa mama, maana kwetu Waluguru ukoo unafuata mama, na kina Stambuli wako wengi. Yeye kila alipoijaribu lazima alikuwa anaandika majina ya kubuni. La kwake hata siku moja.

Akaandika. Akabofya kwa mbwembwe...

Ukuta ukajaa:

"Stambuli wangu, programu hii nimeiandika mimi, Zuhura wako. Nikipata kazi, tuoane. Nakupenda. Usisahau maparachichi ya kwenu uliyoniahidi."

Ukumbi ukaangua kicheko hicho!

Niliiweka iwe zawadi yake ya Idi. Enzi za ujinga wangu.

"Ni... ni virusi!"

"Basi vifute," Mzee Sufiani akamjibu. "Si umeandika wewe?"

Akabofya hapa, akabofya pale, jasho linamtiririka. Yale maandishi hana, na kompaila yenyewe hana kwenye mashine yake!

Nikafungua laptop yangu, nikarekebisha ile mistari mbele ya watu wote, nikakompaili upya, nikampa mwenyekiti faili jipya.

"Ajisajili tena, mzee."

Mzee akamwandika mwenyewe. Ukuta ukajibu: "Stambuli, hatukutambui. Mlango uko nyuma yako."

Akatoka kichwa chini. Huruma? Sikuwa nayo hata chembe! Kazi nikapewa palepale.

Nikiwa nafunga laptop, mama mmoja mwenye kanga ya kijani akaja kunishika mkono.

"Meseji nilituma mie."

"Shikamoo mama. Wewe ni nani?"

"Mama yake Stambuli. Nilimsikia akijisifu kwenye simu kwamba kamwibia Zuhura, nikaichukua namba yako humo humo kwenye simu yake."

Nikamkazia macho.

"Lakini... aliniambia hunitaki!"

"Mie? Hata jina lako hajawahi kunitajia, mwanangu."

Hapo ndipo machozi yaliponitoka.

"Sikuombi umsamehe," akasema. "Piga kazi. Na hayo maparachichi nitakuletea mwenyewe."

Wadada, kazi yako itie jina lako ndani kabla hujampa mtu flashi. Na mama mkwe usimchukie kwa maneno ya mwanawe, nenda kamsikie mwenyewe.

Stambuli, najua unaisoma hii. Maparachichi ya mama yako matamu!