Bwana Kesho Asiguswe

"Huyu adui wako hana sababu," Fanueli alisema, akiligonga daftari kwa kidole. "Mtu hawi mbaya hivi hivi tu, Praxeda. Watazamaji watauliza."

"Wasomaji hawajauliza miaka minane."

"Filamu si kitabu."

Praxeda alishusha pumzi. Hiyo ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi kuambiwa kwamba filamu si kitabu, utadhani yeye alikuwa akivichanganya. Alikuwa amepanda stuli nje ya duka la Naushad pale Usagara, anamalizia kupaka neno VIDEO ukutani, jua limemkaa utosini, na mwanamume huyu hanyamazi.

Kuandika mabango ya maduka ndiko kulikomlisha. Lakini jina alilipata kwa hadithi ya picha iitwayo Binti Katani, aliyoichora kwa mkono na kuichapa kwa mashine ya stensili ya parokia, ikazagaa Tanga mjini hadi makambi ya mkonge. Binti Katani alirusha kamba kutoka viganjani akaruka mapaa. Adui yake aliitwa Bwana Kesho, na huyo hakuwa na bunduki wala pembe. Alikaa dirishani tu. Ukifika mbele ya foleni baada ya kusimama tangu alfajiri, anatazama saa yake, anatabasamu, anasema "Njoo kesho," dirisha linafungwa. Kwa watu waliorudi nyumbani na vikapu vitupu miaka ile ya kutafuta sukari na sabuni kwa tochi, hakuna jini aliyeogopwa kuliko huyo.

Sasa ni mwaka tisini na tatu. Foleni zimekwisha, sukari imejaa madukani, kila mtaa una video. Naushad, aliyekuwa akipiga harusi kwa kamera yake, akaamua Binti Katani awe filamu. Kazi ya kuiongoza akampa Fanueli, kwa kuwa aliwahi kubeba taa za watu wa filamu huko Mombasa.

Jamani, katika watu wote! Mwaka themanini na nne Fanueli alikuwa mchumba wa Praxeda. Tangazo la ndoa lilisomwa kanisani Jumapili mbili. Kabla ya Jumapili ya tatu akavuka mpaka kutafuta viatu vyeupe vya bibi harusi, akisema kesho yake atakuwa amerudi. Akarudi baada ya miaka minane. Mji mzima ulijua Bwana Kesho kachorwa na sura ya nani: mwanya ule ule, saa mkono wa kulia, na ile tabia ya kuvuta sikio kabla ya kusema uongo. Aliyeonekana kutojua ni mwenyewe tu.

Naushad alitoka dukani, akawaambia wote wawili waache kugombana mbele ya wateja. Kisha, kama kawaida yake, akauendeleza ugomvi mwenyewe. Alisema mwezi uliopita aliletewa kanda ya shujaa mmoja wa ng'ambo anayeruka na joho, na waliowahi kusoma vitabu vyake wakairudisha wamenuna, kwa sababu adui aliyekuwa katili kitabuni kafanywa mtu wa kulialia.

"Shujaa mbadilishe utakavyo, hata umvishe kaptula," Naushad alisema. "Adui usimguse. Watu wanamjua adui wao."

"Mwambie huyo," Praxeda alisema. "Mimi nimechoka."

Kumpata wa kuigiza Bwana Kesho ikawa kazi nyingine. Kila aliyeombwa alikataa, akiogopa kutukanwa njiani maisha yake yote. Mwishowe Fanueli akasema atacheza mwenyewe. Chiku, rafiki wa Praxeda aliyekuwa amepewa nafasi ya Binti Katani, alikohoa kwa muda mrefu sana.

Walikwenda Mwera, njia ya Pangani, kupiga tukio la mwisho, kwenye duka la ushirika lililokufa zamani, dirisha lake la mbao lingali na kufuli. Kila msomaji alilijua tukio hilo: Binti Katani anamfunga Bwana Kesho kwenye nguzo mbele ya dirisha lake, naye akiomba kufunguliwa, anajibiwa "Njoo kesho." Mwisho.

Fanueli akatoa karatasi mpya mfukoni. Chiku aliisoma, akaziba mdomo kuzuia kicheko, akampa Praxeda. Humo Bwana Kesho anapiga magoti, anasimulia alivyokua yatima asiye na wa kumpa hata kipande cha muhogo, na Binti Katani anamfungua kamba na kumlilia kifuani.

"Nani kakwambia Bwana Kesho ni yatima?"

"Nimebuni," Fanueli alisema. "Lazima awe na kitu cha kumfanya ahurumiwe."

"Mama yako yuko Chumbageni anakaanga samaki. Jana nimenunua kwake."

Naushad aliacha kuhangaika na kamera. Fanueli aliinua mkono kwenda sikioni, akaushusha.

"Kumbe unajua kwamba najua," alisema.

"Sikujua. Sasa ndiyo najua. Tangu lini?"

"Tangu toleo la kwanza. Muuza mahamri wa Mombasa alinifungia mahamri kwa ukurasa wa kitabu chako. Nikajiona."

Praxeda alikaa juu ya kreti la soda. Hasira ilimpanda hata akaisikia masikioni. Miaka yote alijifariji kwamba mtu huyu hajui alichofanya. Kumbe alichorwa, akajitambua, akamaliza mahamri yake na kubaki huko huko.

"Nataka sababu," alisema. "Siyo ya Bwana Kesho. Yako."

"Utanicheka."

"Nilivyo sasa, sina hata hamu ya kucheka."

Fanueli alitazama chini. "Viatu nilivinunua. Niliibiwa mfuko stendi, viatu na sukari ya harusi humo humo. Nikaona nitarudije mikono mitupu na Jumapili imefika. Nikasema nifanye kibarua wiki mbili nivinunue tena. Wiki mbili zikapita, aibu ikazidi. Kila siku nikawa nasema kesho."

"Viatu."

"Ndiyo."

"Miaka minane, Fanueli, kwa ajili ya viatu. Ningeolewa na kandambili. Ningeolewa peku. Mama yangu amekufa akiniuliza nilikukosea nini. Sikuwa na la kumjibu. Hata barua moja hukuandika, nimsomee."

Fanueli alilia. Hakuvuta sikio.

"Na leo unataka Chiku akusamehe kwa niaba yangu, mbele ya kamera ya Naushad," Praxeda aliendelea. "Filamu itapigwa kama ilivyo kitabuni. Ukiwa na la kuniomba, niombe kwa mdomo wako, nje ya filamu."

Fanueli aliichana karatasi yake mwenyewe, akaenda kusimama kwenye nguzo. Chiku akamfunga kamba ya katani, akasema neno lake moja, Naushad akazima kamera.

"Praxeda," Fanueli aliita, angali amefungwa. "Nilikukosea, na mama nilimkosea. Nisamehe. Bado nataka kukuoa."

Praxeda alikuwa akikusanya vyombo vyake. Hakugeuka.

"Njoo kesho."

Kesho yake saa kumi jioni Fanueli alikuwa mlangoni kwake. Akaambiwa aje kesho. Akaja. Akaambiwa tena, akaja tena, hana maua wala maelezo, anabisha hodi, anajibiwa, anaondoka. Praxeda alikereka kwanza na yeye, halafu na majirani waliokuwa wakitoa viti nje saa kumi kasoro. Siku ya kumi na mbili mvua ilimwagika, saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita, na Praxeda akajikuta amesimama barazani na mwavuli, anatazama njia. Hapo akakereka na nafsi yake kuliko na mtu yeyote.

Fanueli alitokea na tope hadi magotini. Alikuwa akitoka Mwera, njia ya Pangani ikawa imejaa maji, akashuka garini akatembea.

"Usiseme kitu," Praxeda alimwambia. "Jumapili nenda kwa baba mdogo na mshenga. Uje mikono mitupu. Ukija na viatu nakurudisha."

Filamu ilipoonyeshwa, ukumbi ulijaa, na mahali pa "Njoo kesho" watu walisema kwa pamoja na Chiku, wakapiga makofi. Hakuna aliyerudisha kanda.

Padri alisema matangazo yaanze upya. Jumapili ya tatu Fanueli alikuwa benchi la mbele kabla kengele haijapigwa.

Siku ya ndoa Praxeda aliingia kanisani amevaa makubadhi ya ngozi. Naushad, kamera begani, alimsogelea wakati wa kutoka.

"Dada Praxeda, wateja watanigombeza. Bwana Kesho kuoa? Hii haimo kitabuni."

"Haimo," Praxeda alisema, akimshika mumewe mkono wa kulia, penye saa. "Kitabuni yuko palepale nguzoni, na sitamfungua."