Hapana ya Ulyankulu

Siku ujumbe wa ile nchi kubwa ya kusini ulipokuja Tabora kuangalia asali, uwanja wa maonyesho ulijaa hadi watu wakapanda juu ya malori. Jirani huyo hayumo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini watu wake wanapenda asali, na viongozi wa Jumuiya walitaka wanunue ya kwetu.

Nibizi alisimama nyuma ya meza ya kuonjea. Alivaa gauni jipya la kitenge cha njano, alilopewa kwenye ghala alikofanya kazi ya kujaza chupa. Alikuwa binti wa aibu, akiongea na mtu asiyemjua macho yake yanakwenda kwenye vidole vya miguu. Alikuwa ameagizwa jambo moja tu, kwamba kikombe chenye maua kisiguswe, ni cha mkuu wa ujumbe.

Akaja kijana mrefu, shati lake la drafti limeganda nta kifuani. Akakiinua kile kikombe, akakinywa chote.

Nibizi alipigwa na butwaa.

"Kaka, hicho ni cha mgeni."

"Najua, dada. Nimemwonjea. Akifia hapa Tabora tutasema nini?"

"Na ukifa wewe?"

"Utanililia?"

Nibizi alifunika mdomo kwa kiganja ili asicheke. Mgeni mwenyewe, ndani ya suti yake nzito, alipofika mezani alimkuta binti anamimina asali huku mabega yanamtikisika.

Kijana aliitwa Amon, dereva wa lori la wafuga nyuki wa Sikonge. Tangu siku ile kila mzigo wa asali ulioingia mjini ulishushwa na yeye, hata ule ambao haukuwa zamu yake. Wenzake Nibizi pale ghalani wakawa wanamtania kwamba nyuki amepata ua lake. Jioni simu ya Nibizi ilikuwa haikosi kulia, Amon akipiga.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali. Amon, umepiga simu kuniuliza ugali?"

"Nimepiga nisikie unavyosema ugali."

Mkataba ukatiwa saini, redio zikatangaza kwamba asali ya Jumuiya itapokelewa kusini. Amon alipeleka lori la kwanza mpakani, akamwachia dereva mwenzake foleni, akarudi kwa basi. Alirudi kwa sababu wazee wake walikuwa wanakwenda Ulyankulu kumwomba Nibizi.

Habari mbaya iliwakuta njiani, ndani ya gari. Nchi ile ya kusini imeufunga mpaka. Asali ya nchi zote za Jumuiya haipiti, mpaka wakubwa wakutane tena na kukubaliana jinsi ya kuipima. Baba mdogo wa Amon, mzee Jonasi, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao, hakuamini. Aliomba redio iongezwe sauti, akasikiliza mpaka mwisho.

Kwa kina Nibizi kulikuwa kumefagiliwa mpaka barabarani. Wazazi wa baba yake, mzee Manirambona, walitoka Burundi, wakapewa mashamba Ulyankulu, na watoto wao leo ni Watanzania. Lakini kuoza binti wanaoza kwa desturi walizokuja nazo. Nibizi alikuwa chumba cha ndani amevaa imvutano, vile vitambaa viwili vya heshima vinavyofungwa begani, cha rangi ya dhahabu juu ya cheupe. Shangazi yake Pelagia alikuwa anamrekebishia fundo. Mtungi wa pombe ya ndizi ulikuwa katikati ya wazee.

Jonasi alieleza kilichowaleta. Alieleza vizuri, kwa kifupi, kama mtu mwenye mawazo. Manirambona akasikiliza, akakohoa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani:

"Binti huyo sisi hatuna. Nadhani mmepotea njia."

Nibizi alitabasamu. Sasa wageni wangecheka, wangeomba msamaha kwa upotevu wao, wangemiminiwa pombe na kuanza maneno upya, na baba angekataa tena, hadi wote wachoke kwa furaha na yeye aitwe. Ndivyo alivyoolewa dada yake.

Badala yake alisikia viti vinasukumwa.

"Asanteni kwa kutupokea," alisema Jonasi. "Tumesikia."

Mlango wa gari ukafungwa. Gari likaondoka. Pelagia alibaki ameshika fundo la nguo, mdomo wazi. Nibizi alitoka nje mbio, kitu ambacho mwari hafanyi, akakuta vumbi tu, na baba yake amesimama kando ya mtungi ambao haujaguswa, anatazama barabara kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Wameondoka," alisema Manirambona. "Hata neno la pili hawakutaka. Wametuona watu wa kuja."

Akaapa kwamba aliyetoka uani kwake namna ile hatarudi. Nibizi akampigia Amon. Simu ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena, akakuta imezimwa. Mtu wa aibu ukimkatia simu hapigi tena, hukaa nayo mapajani akiilaumu nafsi yake.

Wiki ile pale ghalani alijaza chupa zikamwagika. Asali haikuwa na pa kwenda, ndoo zimepangwa mpaka darini. Aliambiwa apumzike, akarudi Ulyankulu. Alikuwa uani anapepeta maharage simu ilipoita.

"Usikate," alisema Amon. Alikuwa amerudi mpakani, kwenye lori. "Nataka kujua kitu kimoja. Mlitukataa kwa sababu ya asali kuzuiwa?"

"Nani aliwakataa?"

"Nibizi, nilikuwepo."

Akasema kwamba baba mdogo ameumia sana, na kwao mzee akikwambia hapana ndani ya nyumba yake unashukuru unaondoka, kubishana ni kumtukana. Yeye mwenyewe hakuwa na nguvu ya kupokea simu. Kisha, kama mtu anayezungumza ili asilie, akaanza kumsimulia mkutano wa wakubwa pale mpakani. Madereva walikuwa wanachungulia dirishani.

"Wale wa kusini wakasema hawataki asali yetu. Nikajua kwisha. Wa kwetu hata hawakuinuka, Nibizi. Wakaitisha chai. Wakakataliwa tena, wakaenda kula wali meza moja. Nilishangaa. Nikamuuliza dereva mzoefu, akanicheka, akasema hapo ndiyo wameanza kuongea."

Ungo ulimdondoka Nibizi, maharage yakatawanyika.

"Amon. Na sisi ndiyo tulikuwa tumeanza kuongea."

"Unasemaje?"

"Kwetu wanaomwomba binti hukataliwa kwanza. Ndiyo heshima yake. Baba angekataa mpaka mtungi uishe." Alikuwa anapaza sauti bila kujijua. "Sikukwambia. Nilidhani kila mtu anajua."



Alipogeuka, baba yake alikuwa nyuma yake. Hakuwahi kumsikia binti huyu akipaza sauti tangu azaliwe.

"Huko kwao hawafanyi hivyo?" aliuliza Manirambona. "Walidhani nimekataa kweli?"

Alikaa chini palepale kwenye maharage.

Kesho yake alipanda basi kwenda Sikonge, yeye baba wa binti, ambaye hatakiwi kumfuata muoaji hata hatua moja. Ndugu zake walimwambia amewavua nguo. Nibizi alishinda hajala. Mchana Amon akapiga simu.

"Baba yako yuko kwetu. Wanagombana na baba mdogo."

"Mungu wangu. Wanagombania nini?"

"Kila mmoja anataka yeye ndiye awe amekosa. Baba mdogo amechinja jogoo." Amon akavuta pumzi. "Lakini hapa mpaka bado haujafunguliwa. Sijui lini. Sina kitu mkononi, Nibizi. Ningesubiri nikuulize vizuri, ila nimeogopa kusubiri. Utakubali nikuo..."

Desturi ilimtaka anyamaze. Ilimtaka aseme hapana, ajizungushe, aulizwe tena na tena.

"Ndiyo," alisema Nibizi, kabla neno la Amon halijaisha. "Nimekubali. Umesikia? Usije ukainuka."