Nyumba Aliyoikataa Nasambu

Walikutana sokoni Gikomba, maji yakiwarukia. Nasambu alikuwa amepiga magoti kando ya kibanda cha mitumba, spana mkononi, akipambana na paipu iliyopasuka. Gordon Ondiek, karani wa reli aliyekuja kujichagulia koti, akakanyaga pale pale alipokatazwa, akalowa mpaka kifuani.

"Kwani huoni?" Nasambu alifoka.

"Nilikuona wewe," Gordon akajibu. "Paipu sikuiona."

Mwaka mmoja na nusu baadaye walikuwa bado wanachekana kwa hilo. Gordon alikuwa mpole na mtanashati, shati lake halikosi pasi. Nasambu alimpenda kwa moyo wote, na kwa moyo huo huo alimwonea wivu. Hata mama mboga aliyemwongezea Gordon dania bure alinuniwa wiki nzima.

Sasa Gordon akapata mkopo wa Sacco, akaanza kutafuta nyumba Buruburu, na hapo ndipo Triza alipoingia. Triza alikuwa broka wa nyumba, mwenye viatu virefu vyekundu na sauti iliyolainika kila ilipofika kwenye jina la Gordon. Alipiga simu asubuhi, akapiga tena saa ya chakula.

"Huyo broka anakuuzia nyumba ama anakuuzia nini?" Nasambu aliuliza.

"Nyumba, dia. Ametupatia moja safi, nami nimeongea na mwenye nyumba kwa simu, amekubali kushuka bei. Kesho njoo na vifaa vyako uikague. Ukisema nzima, natia sahihi. Ukisema mbovu, naachana nayo."

Maneno hayo yalimtuliza. Kesho yake akavaa ovaroli safi, akapaka wanja kidogo, akaenda.

Mwenye nyumba, Mzee Shitanda, alikuwa shemasi aliyestaafu kazi ya baraza la jiji. Alikuwa ameshatangaza kwamba nyumba alimolelea watoto wake hamuuzii kapera. Nasambu hakujua hilo. Alichokiona alipofika mlangoni ni Triza kwenye kochi kando ya Gordon, mguu juu ya mguu, na mzee akimmiminia chai.

"Mama, ongeza sukari," mzee alimwambia Triza. "Mumeo amechagua nyumba vizuri. Na mke pia amechagua vizuri."

Triza akacheka. Gordon akatazama zulia. Kisha akamwona Nasambu, akasimama haraka.

"Aa, mzee, huyu ni... ni fundi wangu wa mabomba."

Fundi! Damu ilimpanda Nasambu kichwani. Alipita bila kusalimia mtu. Akafungua mifereji yote, akapanda kwenye tangi, akalala chali chini ya sinki. Kila kitu kilikuwa kizima. Viungo vilikuwa vimekazwa na mtu anayejua kazi, na ukutani hapakuwa na unyevu hata kidogo. Kutoka sebuleni akasikia Triza akicheka tena.

Akatoka akijipangusa mikono. "Zimeoza," akasema. "Paipu zote za ukutani. Itabidi ubomoe nyumba nzima kuzitoa. Usinunue."

"Nimezibadilisha juzi tu!" mzee alimaka.

Gordon hakubisha. "Fundi wangu amesema, mzee. Nisamehe." Akatoka bila kutia sahihi.

Alimwamini, na hilo ndilo lililomtesa Nasambu. Siku mbili hakushika simu za Gordon. Siku ya tatu, akiwa kazini Makadara, akasoma ujumbe wake: "Mzee hauzii kapera. Akadhani Triza ni mke wangu, nikaogopa kumsahihisha tusije tukakosa nyumba. Nisamehe, dia. Nilikuwa nakuona wewe mle ndani."

Nasambu alilia juu ya sinki la watu. Halafu akampigia Triza.

"Ile nyumba bado iko?"

"Iko, kesho kuna mtu anakuja kuiona. Kwani fundi, si ulisema imeoza?"

"Nilidanganya. Nilikuonea wivu."

Triza alicheka mpaka akakohoa. "Dada, mwanaume wako kaa naye! Mimi nilikuwa nataka kamisheni yangu."

Nasambu akampigia Gordon pia, na saa kumi jioni walisimama pamoja mbele ya Mzee Shitanda, na Nasambu akasema yote bila kujitetea. Mabomba ni mazima. Alidanganya kwa wivu. Huyu ni mpenzi wake.

Mzee akamgeukia Gordon. "Na yule mama niliyempa chai?"

"Ni broka, mzee. Nilinyamaza tu."

"Mmoja amenidanganya kwa mdomo, mwingine kwa kunyamaza. Nendeni. Ninyi siwauzii." Akafunga mlango.

Nje ya geti Nasambu alishindwa kuinua uso. "Nimekupotezea nyumba."

"Umenipotezea, na imeniuma, sitakuficha," Gordon alisema. "Lakini mimi nilikukana mbele ya watu. Hilo ni baya zaidi." Akamshika mkono wenye grisi. "Jumamosi nipeleke Bungoma kwa baba yako."

"Ukafanye nini?"

"Nikaseme wewe ni nani. Niseme nataka kukuoa, wazee wote wanisikie. Ukikubali."

"Nimekubali." Nasambu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Lakini broka wa nyumba nyingine nitamtafuta mimi. Na atakuwa mwanaume."

"Halafu sasa mimi ndio nianze kuona wivu?"

"Anza," Nasambu akamwambia. "Uone inavyouma."